Sura ya Sita: Pale Kosa la Mpasuaji Linapogeuka Utovu wa Maadili

Mwaka 2013, katika Hospitali ya Queen Elizabeth jijini Birmingham, Uingereza, daktari bingwa wa upandikizaji aitwaye Simon Bramhall alimaliza kumwekea mgonjwa ini jipya. Kabla ya kufunga tumbo alichukua kifaa cha gesi ya agoni, ambacho wapasuaji hukitumia kuunguza mishipa midogo inayovuja damu, akaandika juu ya ini lile herufi mbili za jina lake: SB. Mwaka huohuo akamfanyia hivyo mgonjwa wa pili. Ini la mmoja wao lilipokuja kushindwa kufanya kazi, kwa sababu isiyohusiana kabisa na herufi zile, mpasuaji mwingine alifungua tumbo na kuzikuta.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Februari 2010, mpasuaji David Sellu, mzaliwa wa Sierra Leone aliyekuwa akifanya kazi London, aliitwa kumwona mgonjwa katika hospitali binafsi huko Harrow. Mgonjwa alikuwa amewekewa goti bandia siku chache nyuma, na sasa tumbo lilikuwa linamuuma vibaya. Utumbo ulikuwa umetoboka. Picha ya CT ilipigwa siku iliyofuata, daktari wa usingizi akachelewa kupatikana, na mgonjwa alipoingizwa chumba cha upasuaji usiku, hali yake ilikuwa imeshaharibika. Alifariki.

Ukimsimulia mtu yeyote mikasa hii miwili na kumuuliza ni daktari yupi aliyestahili kupoteza leseni, wengi watamtaja wa pili. Kuna maiti, kuna familia inayolia, kuna saa zilizopotea. Herufi juu ya ini hazikumuua mtu wala hazikulizuia ini kufanya kazi.

Mambo hayakuishia hivyo. Bramhall alikiri mahakamani Desemba 2017 kosa la kuwashambulia wagonjwa wake, akatozwa faini ya pauni 10,000 na kupewa saa 120 za kazi za jamii. Shauri lake la kitaaluma lilichukua miaka mingine minne, na Januari 2022 jina lake likafutwa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza. Sellu alihukumiwa mwaka 2013 kwa kuua bila kukusudia kupitia uzembe mkubwa, akapewa kifungo cha miaka miwili na nusu, akakaa gerezani miezi 15. Novemba 2016 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo, kwa sababu wazee wa baraza la mahakama hawakuelekezwa ipasavyo uzembe unapaswa kuwa mbaya kiasi gani ndipo uitwe jinai. Mwaka 2018 jopo linaloshughulikia mienendo ya madaktari nalo likamwondolea tuhuma.

Nakusudia kuonyesha katika sura hii kwamba mwisho huo, ingawa unashangaza, una haki ndani yake. Utovu wa maadili ya udaktari haupimwi kwa ukubwa wa jeraha. Unapimwa kwa namna daktari alivyomtendea mtu aliyejikabidhi mikononi mwake: kama alijiandaa, kama alihakiki, kama aliomba ruhusa ya kweli, kama alijua mwisho wa uwezo wake, na kama alisema kweli baada ya jambo kuharibika.

Mkono unaoteleza

Tuanze na kosa ambalo mpasuaji mwema anaweza kulifanya. Upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo hufanyika kila siku duniani. Daktari huingiza kamera tumboni na kufanya kazi akitazama kioo cha runinga. Anatafuta mrija mwembamba unaotoka kwenye mfuko wa nyongo, anaubana, anaukata, kisha anautoa mfuko. Kandokando yake, wakati mwingine umefichwa na mafuta na uvimbe, upo mrija mkuu unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo. Ukikata huo, umemletea mgonjwa mateso ya miezi, pengine ya maisha yote.

Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa visa 252 vya kukatwa kwa mrija huo. Walikuta kwamba katika asilimia 97 chanzo kilikuwa macho kudanganyika: mpasuaji aliona mrija mkuu, akaamini kwa dhati kwamba ndio ule mwembamba anaoutafuta, akaukata kwa ustadi kamili. Mkono haukutetemeka, wala hakuna aliyelewa au kuwa na haraka ya kwenda kwingine. Ubongo wa binadamu uliona kile ulichotarajia kukiona.

Daktari wa aina hii amekosea, na mgonjwa wake ameumia. Anaweza hata kudaiwa fidia. Lakini kumwita mtovu wa maadili kwa sababu macho yake yalimdanganya ni kumwadhibu kwa kuwa binadamu. Wahenga walikwisha sema kuteleza si kuanguka, na mahakama za kwetu ziliwahi kufika palepale. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la uzembe wa hospitali lililotoka Uganda, ilieleza kwamba uangalifu ambao sheria inaudai si bima dhidi ya kila mtelezo wa bahati mbaya. Kinachotakiwa ni kiwango cha uangalifu ambacho mtaalamu wa kawaida mwenye ujuzi angekuwa nacho katika mazingira yaleyale.

Sasa tuendelee na mgonjwa huyohuyo. Siku ya tatu tumbo limevimba, macho yana umanjano, homa inapanda. Daktari wa kwanza anashtuka, anaagiza vipimo, anampigia simu bingwa wa ini, anakaa na ndugu na kuwaambia wazi: katika upasuaji ule nimeukata mrija usio wenyewe, na hivi ndivyo tutakavyofanya. Daktari wa pili anasema maumivu ni ya kawaida, anamruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, na anaporejeshwa akiwa mahututi, anachukua faili na kuongeza mstari unaoonyesha kwamba yote yalikuwa salama. Mkato ni uleule, mrija ni uleule. Wa kwanza alikosea. Wa pili amevunja kiapo.

Kosa la mkono na kosa la moyo

Mtu aliyeieleza tofauti hii vizuri kuliko wanasheria wengi hakuwa daktari. Charles Bosk, mwanasosholojia wa Kimarekani, aliishi na wapasuaji wa hospitali moja ya chuo kikuu, akawafuata kwenye mizunguko ya wodini na kwenye vikao vyao vya kujadili vifo, kisha mwaka 1979 akachapisha kitabu kuhusu namna wanavyoyashughulikia makosa yao. Aligundua kwamba mabingwa walikuwa na mizani ambayo hawakuiandika popote.

Kijana anayejifunza akikosea kiufundi, kwa mfano kushona vibaya, alisamehewa, mradi aliripoti mara moja na hakurudia. Akikosea uamuzi, kama kuchagua upasuaji usiofaa, alikaripiwa na kufundishwa. Lakini akificha homa ya mgonjwa, akidanganya kwamba amesoma majibu ya maabara, au akiacha kumpa mkuu wake taarifa, hapo hakukuwa na msamaha. Huyo alionekana kuwa hafai kwa kazi yenyewe. Ujuzi hufundishika. Mtu asiyeaminika hawezi kuachiwa mgonjwa aliyelala usingizi wa nusukaputi.

Nimesoma maamuzi ya mabaraza kwa miaka, na naona mizani hiyo inajitokeza tena na tena, hata pale lugha ya kisheria inapoifunika. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika shauri la daktari wa usingizi, ilieleza kwamba uzembe peke yake si lazima uwe utovu wa maadili. Tendo moja la uzembe halifiki huko kwa urahisi, isipokuwa liwe zito mno, ilhali mfululizo wa matendo hufika kwa wepesi zaidi. Ni kauli inayofaa kukumbukwa na kila mjumbe wa baraza, kwani shinikizo la magazeti siku zote huvuta upande wa pili.

Milango mitatu

Familia nyingi zinapoumizwa huchanganya milango, zikagonga mmoja na kutarajia jibu la mwingine. Mlango wa kwanza ni mahakama ya madai. Swali lake ni hili: je, mgonjwa aliumia kwa sababu daktari au hospitali ilishuka chini ya kiwango cha uangalifu? Kipimo kinachotajwa sana katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza kinatokana na shauri la Bolam la mwaka 1957: daktari hana uzembe ikiwa alifuata utaratibu ambao kundi la madaktari wenye sifa wanaukubali. Miaka 40 baadaye, katika shauri la Bolitho, majaji wakaongeza kwamba utaratibu huo lazima pia uingie akilini. Madaktari kumi kukubaliana juu ya upuuzi hakuufanyi kuwa tiba. Mlango huu hutoa fidia.

Mlango wa pili ni jinai. Unafunguka pale uzembe unapokuwa wa kupindukia hadi jamii nzima inaona umestahili adhabu, au pale daktari alipokusudia kudhuru. Mlango huu una hatari yake, na maisha ya Sellu yanaionyesha. Mtu aliyekuwa akitibu kwa nia njema alilala gerezani kwa sababu mpaka kati ya kosa na jinai haukuchorwa vizuri mbele ya watu waliomhukumu.

Mlango wa tatu ni baraza la taaluma. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Baraza haligawi fidia wala halifungi mtu. Linauliza kama huyu bado ni mtu wa kuaminiwa na umma, kisha linaweza kutoa onyo, kuweka masharti, kusimamisha leseni au kufuta jina kwenye rejista. Ndiyo maana familia inaweza kushinda kesi ya fidia na daktari akabaki na leseni yake. Kinyume chake, daktari anaweza kufutwa ingawa hakuna shilingi hata moja ya hasara inayothibitika. Milango hii inalinda vitu tofauti, na mtu asidhani kwamba jibu la mmoja limefuta jibu la mwingine.

Wagonjwa waliobadilishwa

Watanzania wa rika langu hawajasahau Novemba 2007. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliochangia jina la kwanza walipelekwa kwenye upasuaji. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwingine uvimbe kichwani. Aliyeumwa goti akafunguliwa fuvu. Aliyeumwa kichwa akapasuliwa goti, naye baadaye alifariki. Nchi nzima ilishtuka, na madaktari wakasimamishwa kazi.

Miaka kumi baadaye mkasa kama huo ukatokea Nairobi. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa nje tu, usiohitaji kisu, alifunguliwa kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Wapasuaji waligundua baada ya saa kadhaa, walipotafuta damu ile wasiione. Mpasuaji na watumishi wengine wakasimamishwa, na mkuu wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima. Madaktari wenzake na mpasuaji walipinga vikali, wakisema yeye alimpasua mgonjwa aliyeletewa akiwa na lebo ya mtu anayestahili kupasuliwa, na kwamba mkanganyiko ulianzia mbali na meza ya upasuaji.

Hapa ndipo swali la sura hii linapokuwa gumu kweli. Kosa kama hili lina mikono mingi: aliyeandika lebo, aliyemsukuma mgonjwa kwenye machela, aliyempokea mlangoni, aliyempa usingizi, na aliyeshika kisu. Kumtoa mmoja kafara kunatuliza hasira kwa wiki moja na kuacha mtego uleule ukimsubiri mgonjwa mwingine. Hata hivyo siamini kwamba mpasuaji anaweza kusema, “Mimi nililetewa,” akaishia hapo. Yeye ndiye wa mwisho kabla ya ngozi kukatwa. Jukumu la kujua ni nani amelala mbele yake halikabidhiki kwa karatasi.

Kwa hiyo baraza linapaswa kuuliza mambo mahususi. Je, hospitali ilikuwa na utaratibu wa kuhakiki? Kama ulikuwepo, mpasuaji aliufuata ukamponyoka, au aliuruka kwa sababu alijiona mkubwa mno kwa kazi ya kuuliza majina? Kama haukuwepo, nani aliyejua na akanyamaza? Aliyehakiki akadanganywa na lebo ametelezeshwa. Anayeruka uhakiki kila siku, akawa na bahati mara mia na kuikosa mara moja, huyo mwenendo wake wote ndio wenye hatia, na mgonjwa aliyeumia ni ushahidi wake tu.

Afrika Mashariki haina kisingizio cha kutojua dawa ya tatizo hili, maana sehemu ya dawa hiyo ilijaribiwa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya uhakiki wa upasuaji yenye vipengele 19, liliijaribu katika hospitali za miji minane duniani. Pamoja na London, Toronto, Seattle na New Delhi ulikuwemo Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha inawataka watu wasimame mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Jina lake nani? Tunafanya nini, upande gani? Damu ipo? Vifaa na vitambaa vya shashi vimehesabiwa na vimetimia? Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ndiyo maana kitambaa kinachosahaulika tumboni baada ya mama kujifungua kwa upasuaji kinaniuma kuliko makosa mengi makubwa zaidi. Damu inapokuwa nyingi, kitambaa kinaweza kupotea machoni pa mpasuaji hodari, na hilo nalielewa. Lakini kuhesabu kumewekwa kwa ajili ya saa hiyohiyo. Sista anaposema hesabu haijatimia, na daktari akajibu, “Funga, tumechelewa,” hapo kosa la bahati mbaya limekwisha. Yanayofuata ni uamuzi.

Ruhusa ya mwenye mwili

Turudi kwa Bramhall. Ustadi wake haukuwa na shaka. Mwaka 2010 alipata sifa baada ya kumwekea mgonjwa ini lililookolewa kutoka kwenye ndege iliyoanguka ikitua katika uwanja wa Birmingham. Mwaka 2013 hakukosea kiufundi hata kidogo. Alichokosa ni ruhusa. Mgonjwa alimpa kibali cha kumwekea ini, hakumpa mwili wake uwe ubao wa kuandikia. Aliyelala usingizi mzito hawezi kusema hapana, na kwa sababu hiyohiyo kila tendo linalofanywa juu yake lazima liwe kwa faida yake.

Kwetu Afrika fundisho hili lina sura chungu zaidi. Nchini Namibia wanawake watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walifungwa uzazi walipokuwa wakijifungua kwa upasuaji. Fomu zilisainiwa. Mahakama Kuu mwaka 2012, na kisha Mahakama ya Juu mwaka 2014, zilikataa kuziita fomu hizo ridhaa, kwani saini iliyochukuliwa mama akiwa katika uchungu wa kuzaa, bila kuelezwa ipasavyo, haibebi uamuzi wake huru. Mshono unaweza kuwa ulikuwa safi na kidonda kikapona vizuri. Haki yao ya kuamua kama watazaa tena ndiyo iliyokatwa.

Katika hospitali zetu fomu ya ridhaa mara nyingi husainiwa kwenye korido, na shemeji, kwa kalamu ya kuazima, mgonjwa akiwa tayari juu ya machela. Katika dharura ya kuokoa uhai jambo hilo linaeleweka. Katika upasuaji uliopangwa wiki mbili mapema halieleweki. Daktari asiyepata dakika kumi za kumweleza mtu mzima mwenye akili timamu kitakachofanyika mwilini mwake, kwa lugha anayoielewa, ameanza kukosea kabla ya kunawa mikono.

Aliyepaswa kusimama akaendelea

Utovu mwingine hauonekani katika upasuaji mmoja. Unaonekana ukihesabu. Katika hospitali ya Bristol, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1995, watoto wachanga wenye matatizo ya moyo walikuwa wakifariki kwa wingi kuliko katika vituo vingine. Stephen Bolsin, daktari wa usingizi aliyeingia pale mwaka 1988, alianza kukusanya takwimu na kuonya. Hakusikilizwa, na hatimaye akahamia Australia. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti mwaka 2001 ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 walifariki watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja zaidi ya wale ambao wangetarajiwa kufariki katika kituo cha kawaida.

Mwaka 1998 Baraza la Madaktari la Uingereza lilimfuta mpasuaji James Wisheart, likamwekea masharti mwenzake Janardan Dhasmana, na likamfuta pia John Roylance, mtendaji mkuu wa hospitali. Roylance hakushika kisu. Alikuwa daktari aliyekalia kiti cha utawala, akaelezwa na asichukue hatua. Alikata rufaa na kushindwa mwaka 1999, majaji wakisisitiza kwamba utovu wa maadili unaweza kuwa tendo au kutotenda, mradi uwe mzito na ufungamane na taaluma.

Hakuna mzazi wa Bristol aliyeweza kunyoosha kidole kwenye mshono fulani na kusema, hapa ndipo mwanangu alipouawa. Kila kifo kikitazamwa peke yake kilikuwa na maelezo. Hatia ilikuwa katika kuendelea, katika kutojipima, na katika kuwaacha wazazi wakubali upasuaji bila kuambiwa kwamba kuna kituo kingine ambako mtoto ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mpasuaji anayekataa kumpeleka mgonjwa kwa mwenzake aliye bora, kwa sababu ya heshima yake au kipato chake, ameuweka uhai wa mtu chini ya jina lake.

Njia hii ikifuatwa hadi mwisho inafika kwa Ian Paterson, mpasuaji wa matiti aliyewakata wanawake ambao hawakuwa na saratani na kuwadanganya kuhusu majibu yao. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, kikaongezwa kuwa 20. Huyo alikwisha kuvuka mpaka wa utovu wa maadili na kuingia katika jinai.

Baada ya kisu

Nimetaja maandalizi, ruhusa na kujua kikomo. Limebaki moja, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: ukweli. Daktari aliyekosea huogopa. Anaogopa ndugu wa mgonjwa, magazeti, mkurugenzi, na aibu mbele ya wenzake. Woga huo naufahamu na sina dharau nao. Lakini mgonjwa aliyedhurika anahitaji kujua kilichotokea ili atibiwe. Kila siku ya kufichwa ni siku ya madhara mapya, na madhara hayo hayana kisingizio cha macho kudanganyika.

Wanaoshauri kunyamaza husema kukiri ni kujiitia kesi. Ushahidi unawapinga. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza mwaka 2001 utaratibu wa kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi, kuomba radhi na kulipa fidia pale inapostahili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kesi za mahakamani zilishuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa kila mahudhurio 100,000. Watu wengi wanaweza kubeba msiba. Wanachoshindwa kubeba ni kudanganywa juu ya maiti ya mtu wao.

Faili basi ni sehemu ya mwili wa mgonjwa. Anayelichana ukurasa, anayebadilisha saa, anayeandika leo kana kwamba aliandika juzi, anastahili adhabu kali kuliko aliyekata mrija usio wenyewe. Mabaraza yakilegea hapa na kukaza kule, madaktari watajifunza haraka kwamba kuficha kunalipa, na wagonjwa ndio watakaolipia somo hilo.

Haki kwa pande zote

Kwa familia iliyoumizwa, ushauri wangu ni huu. Andikeni tarehe, saa na majina yote mapema, kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Ombeni nakala ya faili kwa maandishi. Mgonjwa akifariki katika mazingira ya mashaka, msizike kabla ya kuomba uchunguzi wa maiti, hata kama wazee wanahimiza haraka. Kisha jiulizeni mnataka nini. Kama mnataka gharama na riziki iliyopotea, mlango ni mahakama. Kama mnaamini daktari huyu atamuumiza mwingine, mlango ni baraza. Katika malalamiko yenu elezeni alichofanya na alichoacha kufanya, siyo ukubwa wa msiba tu, kwa maana baraza haliwezi kupima machozi.

Kwa mabaraza nina ombi moja: semeni sababu za maamuzi yenu hadharani, kwa lugha ambayo mama wa Kahama na baba wa Kitui wataielewa. Uamuzi usio na maelezo humwacha daktari asiye na hatia chini ya uvumi, na huiacha familia ikiamini kwamba madaktari wanalindana.

Na kwa wapasuaji wenyewe. Wengi wenu mnafanya kazi mkiwa peke yenu zamu nzima, bila damu ya kutosha, bila CT, umeme ukikatika katikati ya upasuaji. Baraza lolote lenye haki litayapima mazingira hayo, na lisipoyapima litakuwa linawaadhibu kwa umaskini wa nchi. Lakini kumuuliza mgonjwa jina lake hakuhitaji bajeti ya serikali. Kuhesabu vitambaa hakuhitaji mfadhili. Kusema “hili limenizidi, mpelekeni rufaa” hakuhitaji mashine, na kuwaambia ndugu ukweli hakuhitaji chochote isipokuwa ujasiri. Mambo haya manne yako ndani ya uwezo wa daktari wa zahanati ya mwisho kabisa kama yalivyo ndani ya uwezo wa profesa. Aliyeyatimiza akakosea, jamii imsikilize, imfundishe na imrudishe kazini. Aliyeyapuuza, hata kama mgonjwa wake alipona, aulizwe kwa nini aachiwe kisu.